Kunakili kozi ya Moodle kutoka mkondo mmoja kwenda mwingine: tarehe, maswali, na alama za watu wa mwaka jana

#1 Mkufunzi_Kihonda

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Takwimu za Biashara ngazi ya stashahada kwenye chuo kimoja hapa Morogoro. Mwaka jana nilikuwa na mkondo mmoja tu, wa Uhasibu. Kozi yake kwenye Moodle, ule mfumo wa kufundishia mtandaoni, niliijenga kwa karibu miezi minne, usiku usiku watoto wakishalala: sura kumi na moja za maelezo, video fupi nilizorekodi kwa simu, kwizi tisa, asaimenti nne, jukwaa la maswali, na kamusi ya istilahi za takwimu yenye maneno 118 ambayo naipenda kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Mwaka huu nimeongezewa Ugavi na Utawala. Mtaala ni uleule, lakini vipindi viko siku tofauti na testi wanafanya wiki tofauti.

Nieleze kwanza kilichonipata, ili anayenishauri ajue nimetokea wapi. Nilimwomba mtu wa mifumo atengeneze chelezo cha kozi ya Uhasibu, lile faili la mbz linalobeba kozi nzima, kisha anirejeshee ndani ya darasa la Ugavi. Tulikuwa na haraka, madarasa yanafunguliwa kesho yake. Alama ya tiki kwenye kipengele cha kujumuisha watumiaji ikabaki pale pale, hakuna kati yetu aliyeiangalia. Asubuhi nafungua daftari la alama nakuta wanafunzi 61 wa mwaka jana wamejaa humo, na alama zao, na kazi walizopakia. Wa Ugavi wakaingia darasani wakakuta jukwaa lina mazungumzo ya watu wasiowajua. Mle ndani kulikuwa na ujumbe wa binti mmoja akieleza ugonjwa uliomfanya achelewe kuleta kazi. Aliuandika kwa ajili yangu na wenzake aliosoma nao. Nilifunga jukwaa ndani ya nusu saa, lakini tayari watu walikuwa wamesoma. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Likafuata suala la tarehe. Asaimenti ya kwanza ilikuwa inasema mwisho wa kupokea kazi ni Novemba ya mwaka jana. Halafu viungo: ukurasa wa sura ya tatu unamwambia mwanafunzi arudi kwenye zoezi la wastani, na zoezi lile tuliliacha nje wakati wa kutengeneza chelezo. Kiungo kikawa kinampeleka kwenye kozi ya zamani ya Uhasibu, ambako hana ruhusa ya kuingia.

Tangu hapo nimefikia wazo moja na ndilo naleta kwenu. Darasa ambalo limeshafundishwa halifai kuwa chanzo cha kunakili, kwa sababu lina watu ndani yake. Nataka nitengeneze darasa mama: halina mwanafunzi hata mmoja, halina tarehe za kweli, masahihisho yote nayafanyia humo, na kila mkondo unachota kutoka humo. Je, kuna aliyefanya hivi? Nitumie njia ipi kati ya zile tatu za Moodle? Na maswali ya kwizi hayatajizalisha mara tatu tatu?

Nawasilisha.

#2 Kipanga_Seva

Mkuu pole sana. Mimi ndiye huyo mtu wa mifumo, sema wa chuo kingine, na hicho kisanduku nakifahamu vizuri.

Tuzitenganishe njia zenyewe maana watu wengi wanazichanganya. Kuanzia toleo la 4.0 lililotoka 2022 zote ziko sehemu moja, ndani ya menyu ya ziada ya kozi, palipoandikwa kutumia kozi upya.

Ya kwanza ni kuleta. Unaingia kwenye darasa jipya, unachagua kozi ya zamani, unaweka tiki kwenye unavyovitaka, vinakuja. Hii haibebi mwanafunzi, haibebi kazi yake, haibebi alama yake. Haina hata kisanduku cha kukosea. Mwalimu anaweza kuifanya mwenyewe bila kutusubiri sisi, ili mradi ana haki za kuhariri kwenye kozi zote mbili. Kwa shida yako hii ndiyo njia. Ila ina tabia moja: inaongeza, haifuti. Ukiona mtandao umekatika katikati ukarudia, utakuta kila kitu kiko mara mbili. Kabla ya kurudia, angalia kwanza kama ile ya mwanzo haikukamilika.

Ya pili ni chelezo na kurejesha. Hii ni ya kuhama kutoka seva moja kwenda nyingine, au kuweka akiba. Kwa mpangilio wa kawaida wa Moodle mwalimu hana ruhusa ya kutoa chelezo chenye taarifa za wanafunzi, ruhusa hiyo ni ya msimamizi. Ndiyo maana ajali kama yako hutokea pale kazi inapopitia mikononi mwetu na si pale mwalimu anapoifanya mwenyewe. Nasema hili kwa fani yangu mwenyewe: tuliopewa ufunguo mkubwa ndio tunaotakiwa kusoma kila kisanduku.

Ya tatu ni kunakili kozi moja kwa moja, imekuja na toleo la 3.9 mwaka 2020. Inakuuliza jina jipya na tarehe ya kuanza, kisha inazalisha kozi mpya nzima. Nzuri sana kwa tarehe, kwa sababu ukibadilisha siku ya kuanza kozi, tarehe za asaimenti na kwizi zinasogea kwa idadi ileile ya siku. Lakini inahitaji ruhusa ya kuunda kozi, ambayo walimu wengi hawana. Halafu haifanyiki papo hapo, inapanga foleni kusubiri kroni, ile kazi ya ratiba inayotakiwa kuamka kila dakika kwenye seva. Ukinakili kozi ikabaki inasubiri kutwa nzima, usibofye tena na tena. Piga simu kwa mtu wako, kroni imelala.

Kwa wale wa chelezo wanaokwama kupakia faili: PHP, lugha ya programu inayoendesha Moodle kwenye seva, kwa mpangilio wake wa awali inapokea faili lisilozidi megabaiti 2. Kama fundi wako hajawahi kugusa hapo, kozi yenye video haitapita kamwe, na kosa halipo kwenye faili lako. Pia kutoka toleo la zamani kwenda jipya kwa kawaida inapita. Kutoka jipya kurudi la zamani usitegemee.

#3 MamaWawili

Ndugu yangu, umesema kamusi ya maneno 118. Naomba usome hapa kabla hujafanya chochote.

Njia ya kuleta aliyoisema Kipanga ni salama kwa sababu haibebi kilichoandikwa na watumiaji. Sasa Moodle inahesabu maneno ya kamusi kuwa ni kitu kilichoandikwa na mtumiaji, hata kama mtumiaji mwenyewe ni wewe mwalimu. Utaleta kamusi, itafika na jina lake na maelezo yake ya juu, ukiifungua ni tupu. Mimi nilikuwa na istilahi za ukunga, nilidhani nimezipoteza, nikakaa pale ofisini silii lakini machozi yako karibu. Kurasa za wiki na shughuli ya hifadhidata ni hivyo hivyo. Kitabu chenye sura hakina shida, ukurasa hauna shida, mafaili hayana shida.

Tiba yake ni rahisi. Ingia kwenye kamusi ya zamani, kuna sehemu ya kutoa maneno nje, itakupa faili la XML. Nenda kwenye kamusi mpya iliyo tupu, pakia faili lile. Dakika tatu zimetosha kwangu. Kisha hesabu kama yamefika yote.

#4 Mzee_wa_Takwimu

Niwasalimu wote. Nina maoni tofauti, naomba nivumiliwe.

Kwa nini unakili? Mtaala mmoja, mwalimu mmoja, muhula mmoja. Weka kozi moja, ingiza mikondo yote mitatu, wagawe kwenye makundi matatu yaliyotengana. Kila asaimenti na kila kwizi ina sehemu ya kuweka tarehe ya pekee kwa kundi fulani. Uhasibu wanafunga Ijumaa, Ugavi Jumatano, Utawala wiki inayofuata, na shughuli ni ileile moja. Kwenye daftari la alama unachuja kwa kundi, kila mkuu wa idara anapata orodha ya watu wake.

Faida yake utaiona siku utakapogundua kosa. Juzi niliandika vibaya kanuni ya mkengeuko sanifu, nilisahau kutoa moja kwenye idadi inayogawanya. Nilisahihisha sehemu moja, wanafunzi 200 wakaona sahihi siku hiyo hiyo. Ungekuwa na nakala tatu, ungesahihisha mbili ukasahau ya tatu, na hao wa tatu ndio wangekuja na jibu baya kwenye mtihani. Nimefundisha miaka mingi, kosa lililosambazwa kwa nakala halirudi lote.

#5 Mkufunzi_Kihonda

Mzee wangu shikamoo, na nashukuru. Hoja ya kosa la kanuni imenigusa kweli, kwa sababu nami ninayo moja ya namna hiyo kwenye sura ya sita.

Kinachonizuia ni mambo mawili. Utawala ninafundisha na mwenzangu, yeye ndiye anayesahihisha kazi zao, na hataki kuona za Uhasibu wala mimi sitaki awe na mkono kwenye alama zao. Najua ruhusa zinaweza kupangwa kwa makundi, lakini nimejaribu na nilijikuta natumia muda mwingi kwenye ruhusa kuliko kwenye takwimu. La pili ni mifano. Wa Ugavi nataka wafanye hesabu za wastani kwa kutumia muda wa kusubiri mzigo bandarini. Wa Utawala nawapa mahudhurio ya watumishi. Nikiweka yote kwenye kozi moja mwanafunzi anaona mazoezi ishirini wakati saba tu ndiyo yake.

Kwa hiyo darasa mama linashika kile ambacho ni cha wote, na mifano ya fani inaandikwa kwenye mkondo husika. Ila nakubali kwamba nikisahihisha kosa lazima nilifanyie kazi mara nne. Nimeamua kuweka, ndani ya darasa mama, ukurasa uliofichwa wa kuandika kila sahihisho na tarehe yake, na mikondo iliyokwisha kulipokea. Kama ni mkondo mmoja na fani moja umegawanywa kwa sababu ya udogo wa chumba, hapo njia yako mzee ni bora, sina ubishi.

#6 MwalimuLikoni

Hamjambo walimu, mimi ni wa sekondari, Mombasa. Sisi hatuna Moodle, tuko Google Classroom. Naona matatizo ni ndugu, hivyo naongezea ya kwetu kwa wale walio huku.

Ukinakili darasa zima pale, mada na kazi zinakuja kama rasimu. Hakuna mwanafunzi anayeona chochote mpaka uchapishe kimoja kimoja. Wanafunzi hawaji, matangazo ya ukutani hayaji. Kwangu hiyo rasimu ni baraka, inanilazimisha kupitia kila kazi na kuipa tarehe upya kabla mtoto hajaiona.

Panapoumiza ni ukitaka kutumia tena kazi moja tu. Hapo kuna chaguo la kutengeneza nakala mpya za viambatisho. Ukiliacha bila tiki, madarasa mawili yanaelekezwa kwenye hati ileile moja. Mimi niliondoa majibu ya mfano kwenye hati ya Kidato cha Tatu Mashariki, yakapotea na kwa Kidato cha Tatu Magharibi waliokuwa wanayahitaji kwa marudio. Mahali pengine ungependa iwe hivyo, kama ratiba ya muhula: hati moja, ukibadilisha wote wanaona. Kwa hiyo chagua kwa kila hati, usichague kwa mazoea.

#7 chipukizi_SUP

Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi, samahani kwa kuingilia.

Naomba niseme tunavyoona sisi upande wa pili. Kozi ikija na tarehe za mwaka jana, kwenye simu inatokea imechelewa kwa siku mia tatu na kitu. Mwaka wangu wa kwanza niliona hivyo siku ya kwanza kabisa chuoni nikadhani nimeshafeli somo. Sikujua nimuulize nani. Wenzangu waliotoka shule zenye kompyuta walijua ni kosa la mfumo, mimi sikujua. Nilituma kazi kwa WhatsApp ya mwalimu, na baadaye haikuonekana kwenye alama za kozi kwa sababu haikupita kwenye mfumo.

Na ile ya kufungwa. Kuna sura ilikuwa imewekewa sharti la kundi ambalo kwenye darasa letu halikuwepo. Sisi wote hatukuiona muhula mzima na mwalimu alidhani hatusomi. Kila akiangalia kwa akaunti yake inaonekana, kwa sababu yeye ni mwalimu.

Mkitaka kujua kama nakala imekaa sawa, naomba mwingie kama sisi.

#8 Kipanga_Seva

Chipukizi, usiombe samahani, hiyo ndiyo sehemu ambayo sisi hatuioni.

Alichoeleza kuhusu kundi kinatokea hivi: kwenye kunakili, makundi huja ikiwa tu umeweka tiki ya makundi. Usipoweka, sharti linabaki limeandikwa kundi lisilokuwepo, na mtu yeyote hawezi kuwa mwanachama wa kundi lisilokuwepo. Mlango unabaki umefungwa kwa wote. Dawa ni kuondoa masharti ya makundi ndani ya darasa mama na kuyaweka baadaye kwenye kila mkondo.

Kuhusu kuingia kama mwanafunzi: kubadili wadhifa kwenda mwanafunzi ndani ya akaunti yako kunasaidia kujua ni vitu gani vimefichwa kwa wanafunzi, lakini akaunti halisi ya majaribio ndiyo inayokuonyesha ukweli. Ombeni IT ya chuo, yaani watu wa mifumo, iwatengenezee moja, iandikishwe kwenye kila mkondo kabla ya wanafunzi.

Nijibu pia swali la maswali ya kwizi, maana nililiruka. Kwenye matoleo mengi mliyonayo, kila darasa lina hazina yake ya maswali, kwa hiyo ukileta kwizi maswali yake yanakuja na nakala yake inakaa kwenye darasa jipya. Mikondo mitatu, nakala tatu, na kusahihisha swali moja hakugusi mengine. Toleo la 5.0 la Aprili 2025 limebadilisha mpangilio huo: hazina ya maswali imekuwa shughuli inayojitegemea, na kozi mbalimbali zinaweza kuchota humo humo. Mkihamia huko, darasa mama la Mkufunzi litafaa zaidi, kwa sababu maswali yatabaki nyumbani na hoja ya Mzee kuhusu kosa lililosambaa itapata jibu kwa upande wa kwizi.

Kuna wakuu wa idara wanaokataza kunakili wakihofia seva kujaa. Waambieni hivi: tangu toleo la 2.0 la mwaka 2010, Moodle inatunza faili kwa alama ya yaliyomo ndani yake. Video ileile ikiwa kwenye kozi kumi, diski inaibeba mara moja. Kinachojaza seva ni vyelezo, maana kila kimoja ni furushi jipya. Nilishawahi kufuta vyelezo vya miaka mitano kwenye seva yetu na nafasi ikarudi karibu nusu.

Na furushi hilo likiwa na wanafunzi ndani, lina majina, barua pepe, alama na kazi zao. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Chelezo cha namna hiyo kwenye flashi inayozunguka ofisini ni taarifa za watu zinazozunguka ofisini. Binti aliyeandika habari za ugonjwa wake analindwa na sheria hiyo. Tufute, au tutengeneze upya bila watumiaji.

#9 Mzee_wa_Takwimu

Kipanga umenifundisha la 5.0, nashukuru.

Nawaongezea neno moja fupi. Darasa mama likiwa na maelezo ya mwenzako, muulize kabla ya kuyapeleka mikondo mingine, hata kama mfumo unakuruhusu kubofya. Na picha za vitabu vilivyochanganuliwa, ukinakili kozi mara tatu umevisambaza mara tatu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawahusu walimu kama inavyowahusu wauza kanda. Tumieni machapisho yenye leseni huria, yapo mengi ya takwimu.

#10 Mkufunzi_Kihonda

Mrejesho, wakuu.

Wiki mbili zimepita. Darasa mama lipo, limefichwa, lina mimi na mwenzangu wa Utawala tu. Nilileta vitu kutoka Uhasibu kwa njia ya kuleta. Kamusi ilifika tupu kama MamaWawili alivyosema, nikatoa maneno kwa XML nikayapakia, nikahesabu: 118. Nilikaa nayo kidogo nikayasoma yote upya na nikasahihisha sita.

Masharti ya makundi nimeyaondoa. Viungo vya ndani nilivipitia kimoja kimoja, kwa sababu Moodle inaviunganisha upya vile tu ambavyo kinacholengwa nacho kimekuja kwenye safari hiyo hiyo. Nilikuta vinne vinarudi kozi ya zamani. Kanuni ya sura ya sita nimeirekebisha kwenye darasa mama kabla ya kunakili popote, mzee wangu.

Ugavi wamepata darasa jipya Jumatatu. Tarehe nilikaa nazo jioni nzima na ratiba ya mezani, shughuli kumi na tatu. Kisha nikaingia kwa akaunti ya majaribio, kwa simu, si kwa kompyuta ya ofisi, kwa ajili ya maneno ya chipukizi. Kwizi ya pili ilikuwa haionekani: niliisahau imefichwa. Nisingeiona kwa akaunti yangu.

Lile darasa lililoharibika, IT wamelifuta na chelezo chake. Binti nilimtafuta, amehitimu, yuko Ifakara. Nilimpigia nikamweleza kilichotokea na kwamba kimefutwa, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama waliosoma walikuwa wengi. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui ni wangapi.

Utawala wanaanza Jumatatu ijayo. Mwenzangu atazipitia tarehe zao yeye mwenyewe, nami nitaingia kwa akaunti ya majaribio Jumapili usiku.